Mbao Zinatoka Mbovu: Kusoma Kosa la Msumeno wa Duara Kabla ya Kushika Spana

Anayeanza kupasua mbao nyumbani kwa msumeno wa duara, ubao wake wa kwanza ukitoka mnene huku na mwembamba kule, hukimbilia spana. Mimi nilifanya hivyo. Siku mbili nzima nililegeza na kukaza reli za toroli, nikavuta uzi, nikalala kifudifudi kutazama kama zimenyooka. Kosa halikuwa huko. Kidole kimoja cha kuongozea sahani, yaani msumeno wenyewe, kilikuwa kimebana, ukingo ukapata moto, sahani ikawa inayumba. Nilipokirudisha mahali pake mbao ziliendelea kutoka mbovu, maana reli zilizokuwa sawa tangu mwanzo nilikuwa nimeshaziharibu mwenyewe.

Tangu hapo kuna swali moja ninalouliza kabla ya kugusa chochote: kosa hili linajirudia vilevile kila ubao, au linabadilika? Linalojirudia ni la vipimo: nguzo, reli, kitanda cha mashine. Linalobadilika, mara huku mara kule, ni la sahani yenyewe, la namna unavyosukuma gogo, au la mti. Ukishajua uko upande gani, nusu ya mashine umeshaiondolea lawama.

Ili kulijibu, pasua mbao nne mfululizo. Kila ubao uandike kwa chaki namba yake, ncha iliyotangulia kuingia kwenye msumeno, na upande uliokuwa juu. Kisha pima unene sehemu sita: ncha mbili na katikati, kwa juu na kwa chini. Ubao mmoja peke yake hausemi kitu.

Nitataja sehemu za mashine kwa majina haya: sahani ni msumeno wenyewe, toroli ni kigari kinachobeba gogo juu ya reli, nguzo ni vile vyuma vilivyosimama juu ya toroli ambavyo gogo huegemea, makucha ni vinavyoling'ata gogo lisiteleze, vidole vya kuongozea ni vile viwili vinavyokaa huku na huku ya ukingo wa sahani. Kazi zote za kupima hapa chini hufanywa injini ikiwa imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwako au mkanda umevuliwa, toroli limefungwa lisitembee, na sahani imesimama yenyewe. Usiisimamishe kwa kuikandamiza kipande cha mti. Na inapofanya kazi, usisimame kwenye mstari wake, mbele wala nyuma. Kitu chochote inachokitupa hufuata mstari huo.

## Ubao ni mnene ncha moja, na kila mara ni ncha ileile

Hili ndilo kosa jepesi kuliko yote: nguzo moja imetangulia mwenzake. Chagua jino moja la sahani, litie chaki. Sogeza toroli mpaka nguzo ya kwanza iwe mbele ya jino hilo, pima umbali kati yao. Sogeza tena mpaka nguzo ya pili, zungusha sahani kwa mkono ili jino lilelile lirudi pale pale, pima. Lazima liwe jino lilelile, kwa sababu sahani ikiwa na upindo kidogo na wewe ukabadili jino, utakuwa unapima upindo wa sahani huku ukidhani unapima nguzo. Tofauti utakayoipata itakaribiana na ile uliyoiona ubaoni. Rekebisha nguzo moja tu, pasua tena, pima tena.

Kama vipimo viko sawa lakini unene bado unatofautiana kati ya ubao na ubao, tazama unavyosogeza gogo. Skrubu na gia za nguzo zina ulegevu. Ukipitiliza kipimo ukarudisha nyuma kidogo, ule ulegevu unabaki, na gogo likiguswa na msumeno nguzo inarudi milimita moja au mbili. Ukipitiliza, rudi nyuma kabisa halafu uje mbele upya, usimalizie kipimo kwa kurudi nyuma.

## Ubao ni mnene chini kuliko juu, au juu kuliko chini

Kwanza fagia. Gome au unga wa mbao ukijikusanya kwenye pembe ya nguzo, gogo haliketi sawasawa. Kama pako safi, weka skwea kwenye kitanda cha toroli, uegemeze kwenye nguzo, kisha uegemeze kwenye sahani. Timazi peke yake hudanganya hapa: sahani inaweza kusimama wima kabisa huku toroli limeinama. Kinachotakiwa ni pembe ya mraba kati ya toroli na sahani.

Mashine nyingi za nyumbani hukaa juu ya maboriti yaliyolazwa ardhini. Mvua ikinyesha upande mmoja hutitia, na kosa ambalo halikuwepo wiki iliyopita huzaliwa usiku. Kwa hiyo pima maji kwanza, spana baadaye.

## Ubao umejaa mawimbi

Hapa tunahamia upande wa pili, wa makosa yanayobadilika, na ndipo wengi wanapopotelea. Ubao wenye mawimbi maana yake ukingo wa sahani haukusimama wima ulipokuwa ndani ya mti. Kuna kitu kilichouyumbisha, na mara nyingi ni meno.

Tazama jino juani au limulike kwa tochi. Ukingo mkali haurudishi mwanga. Ukiona mstari mwembamba unaong'aa kwenye ncha au kwenye kona, jino limekufa makali, hata kama kwa kidole linaonekana kali. Kona ndizo muhimu zaidi, maana ndizo zinazosafisha njia ya sahani. Kona za upande mmoja zikichakaa kuliko za upande wa pili, sahani huvutwa upande wenye makali. Kwa hiyo ubao unaoanza vizuri halafu ukaelekea upande mmoja mfululizo unakuomba unoe, tena unoe kwa haki: tupa ipitishwe mraba, si kwa mshazari, na kila jino lipate mipigo sawa. Mtu anayetumia mkono wa kulia huegemea upande mmoja bila kujijua. Mimi hunoa nusu ya meno nikiwa upande huu, nahesabu, halafu najikagua kwa skwea ndogo.

Baada ya kunoa, funga msumari mnene au bolti kwenye fremu ya mashine ncha yake ikaribie jino, zungusha sahani taratibu kwa mkono, uangalie kila jino linavyopita. Jino lililorefuka kuliko wenzake linafanya kazi ya watatu, na lililofupika halifanyi kazi yoyote. Ncha hiyohiyo ukiisogeza ubavuni itakuonyesha pia kama meno yamepanuka sawa pande zote mbili.

Kama meno ni safi na mawimbi yapo, tazama unga unaotoka. Unga unatakiwa uwe wa punje, kama chenga za mahindi, usiwe laini kama unga wa ngano. Unga laini haukai kwenye pengo la jino. Humwagika ubavuni, ukajibana kati ya sahani na mti, ukapasha moto. Na chanzo chake kwa mwanafunzi ni kusukuma gogo polepole mno kwa woga. Piga hesabu: sahani ya meno 30 inayozunguka mara 600 kwa dakika hupitisha meno 18,000 kwa dakika. Ukisukuma gogo mita 15 kwa dakika, kila jino linachota kama milimita 0.8 tu. Mashine kubwa hulenga karibu milimita 2.5 kwa jino. Injini yako ndogo haitafika huko, lakini sahani ya meno 18 kwa mwendo uleule ingechota milimita 1.4, na unga wake ungekuwa wa punje. Ndiyo maana kwa injini dhaifu nachagua sahani yenye meno machache. Wauzaji wengi hupenda kukuuzia yenye meno mengi, na machoni inapendeza kweli.

Jambo la tatu ni mwendo wa kuzunguka. Sahani kubwa ya kupasulia mbao haiko bapa kabisa ikiwa imesimama. Fundi aliyeigonga kwa nyundo aliilegeza katikati makusudi, ili ikizunguka ukingo utanuke na sahani isimame wima. Aliigonga kwa mwendo maalumu. Ukiizungusha taratibu kuliko hapo inabaki imebonyea kama sinia. Ukiipitisha hapo ukingo unalegea na kupepea. Kwa hiyo ukiiona imebonyea ikiwa imesimama, usichukue nyundo. Kugonga sahani ni ufundi wa peke yake, na kosa moja huharibu chuma kizima. Kinachokuhusu wewe ni kupima mizunguko ya shafti ya sahani, si ya injini. Zidisha kipenyo kwa mita mara 3.14 mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 60: sahani ya mita 1.2 kwa mizunguko 600 ina mwendo wa ukingoni wa karibu mita 38 kwa sekunde. Mashine za zamani za viwandani zilikimbia karibu mita 50 kwa sekunde. Namba hiyo usiitamani. Fuata ile iliyogongwa kwenye sahani yako, na usiipite kamwe.

Mwisho, shika sahani kwenye flanji, yaani bamba linaloibana kwenye shafti, uitikise kuelekea kwenye mhimili wake, kushoto na kulia. Shafti ikicheza ubavu kwa ubavu, hata kidogo, mawimbi hayataisha kwa kunoa.

## Gusa sahani: moto uko wapi?

Mbinu hii haina gharama, na ningependa ningeijua mapema. Pasua gogo moja, zima, subiri sahani isimame kabisa, fuata taratibu za usalama, kisha pitisha kiganja karibu na ubavu wake kuanzia katikati kwenda ukingoni, mbali na meno. Sahani yenye afya ni vuguvugu sawasawa, au baridi.

Ukingo ukiwa na moto na katikati ni baridi, ukingo umetanuka kuliko mwili wake. Chuma kilichozidi hakina pa kwenda, kinajikunja kama pindo la kanga kwenye upepo. Washukiwa kwa mpangilio: meno butu, meno yasiyopanuka vya kutosha, sahani ikawa inasugua mti, ule unga laini tuliousema, utomvu uliogandia ubavuni, hasa kwa misonobari, na vidole vya kuongozea vilivyobana. Vidole havitakiwi kuishika sahani. Viwe karibu nayo kwa unene wa karatasi huku na huku, bila kugusa. Kwa kuwa sahani ikizunguka haikai pale inapokaa ikiwa imesimama, nafasi hiyo hukaguliwa kwenye mwendo kamili bila gogo. Kama skrubu zake hazifikiki kutoka nje ya kinga, rekebisha kwa robo mzunguko, washa, tazama, zima, rudia. Inachosha, lakini vidole vya mkono ni kumi tu.

Katikati kukiwa na moto na ukingo ni baridi, shika kwanza nyumba ya beringi iliyo karibu na sahani. Kama huwezi kuuacha mkono hapo, moto unatoka kwenye beringi na kupita kwenye shafti. Shughulikia grisi au mkanda uliokazwa kupita kiasi, sahani haina kosa. Beringi ikiwa ni baridi, fungua flanji utazame kama kuna unga, kutu au chembe ya chuma iliyobanwa kati yake na sahani. Chembe ndogo hapo huonekana kama kuyumba kukubwa ukingoni.

Kote kukiwa safi, baki na upogo. Upogo ninaousema hapa ni ule mwelekeo mdogo ambao sahani hupewa ili ukingo wake wa mbele, unaopokea gogo, uwe karibu na gogo kuliko ukingo wa nyuma. Bila huo, meno ya nyuma yanayoinuka husugua mti uliokwisha kupasuliwa. Kipimo cha kawaida ni kama milimita 3 kwa kila mita 6, maana yake kwa sahani ya mita 1.2 ni nusu milimita na ushei. Kuupima: funga fimbo kwenye nguzo, ncha yake iguse kidogo jino ulilolitia chaki likiwa mbele. Sukuma toroli hadi nyuma ya sahani, zungusha jino lilelile lifike nyuma, utazame pengo. Likiwa la nusu milimita, umepatia. Fimbo ikikwama kwenye jino badala ya kuacha pengo, upogo umekwenda kinyume.

Kanuni ya wapasuaji wa zamani inasema hivi: katikati ikipata moto na shafti ni baridi, ongeza upogo kidogo kuelekea gogo, ukingo ukipata moto na katikati ni baridi, upunguze. Inafanya kazi, lakini iwe hatua ya mwisho. Anayegusa upogo kabla ya kunoa meno anaficha kosa moja kwa kosa jingine, kama nilivyofanya mimi na reli zangu.

Sahani ikishapata moto mkali, toa gogo uiache izunguke hewani bila kazi mpaka ipoe. Usiimwagie maji. Ukiona madoa ya buluu au kahawia kwenye chuma, moto ulipita kiasi na huenda sahani imepoteza mkazo wake. Hiyo ni ya kumpelekea fundi wa kugonga.

## Ubao ni mnene katikati na mwembamba nchani

Mashine haina kosa. Huo ni mti. Miti inayokua haraka, mikaratusi hasa, ina mvutano ndani yake: tabaka za nje zinavuta, za ndani zinasukuma. Ukiondoa banzi, yaani kile kipande cha kwanza chenye gome, upande mmoja, upande wa pili unabaki unavuta peke yake, gogo linapinda, tumbo linatokeza upande wa msumeno na ncha zinarudi nyuma. Msumeno unakata mstari ulionyooka, kwa hiyo ubao unaofuata unakula lile tumbo.

Anayeendelea kupasua uso uleule mpaka gogo liishe anapata rundo la mapinde. Toa banzi na ubao mmoja au miwili, geuza gogo nusu mzunguko, toa upande wa pili, rudi. Ukiona tumbo limeshatokea, kubali hasara ya kipande chembamba cha kunyoosha kabla ya ubao unaofuata. Kiini kabisa cha gogo usikipasue kuwa mbao nyembamba. Kiache ndani ya boriti, kwa sababu ubao wenye kiini hupasuka wenyewe unapokauka.

## Injini inazama msumeno ukiingia

Sikiliza kabla ya kulaumu injini. Ikiwa injini inaendelea kulia vilevile lakini sahani inapungua mwendo, mkanda unateleza: utanusa mpira, na upande wake wa ndani utakuta unang'aa. Ikiwa injini nayo inazama, rudi kwenye meno butu, halafu idadi ya meno, halafu kina cha gogo. Vyovyote vile, mwendo ukishuka usilazimishe. Rudisha toroli taratibu, acha sahani ipate mwendo wake, ndipo uingie tena. Sahani inayozunguka chini ya mwendo wake ndani ya gogo ndiyo inayopinda.

## Mikwaruzo ya duara upande mmoja wa ubao

Alama za meno zenye mwelekeo mmoja ni za kawaida. Zikivukana kama wavu, meno ya nyuma yanagusa: upogo haupo, au ubao unajifunga nyuma ya sahani. Hakikisha kisu cha kutenganisha kipo nyuma yake, kimenyooka nayo, na ni kinene kidogo kuliko sahani lakini si kuliko njia inayokatwa na meno. Mashine isiyo na kisu hicho si ya kuwasha, maana ubao uliojifunga unaweza kushikwa na meno yanayoinuka ukarushwa. Mikwaruzo ikitokea toroli linaporudi tu, sogeza gogo mbali na sahani kidogo kabla ya kurudi.

## Mtetemo, na sauti iliyobadilika ghafla

Mtetemo uliokua polepole ni beringi, au bolti za kitanda zilizolegea. Uliokuja kwa mkupuo mmoja ni jambo jingine: jino limetoka, limevunjika, au sahani imegonga kitu. Zima papo hapo, usimalizie ubao. Kagua jino moja moja, na kagua chini ya kila pengo kwa tochi, maana nyufa huanzia hapo. Sahani yenye ufa haiwashwi tena mpaka fundi aione.

Chuma ndani ya gogo mara nyingi huonekana kabla ya kusikika. Msumari au waya uliomezwa na mti huacha doa la buluu iliyoiva au jeusi kwenye mbao zenye tanini nyingi, ile asidi inayopatikana pia kwenye gome, nalo hufuata nyuzi za mti juu na chini ya chuma chenyewe. Ukiliona kwenye ncha ya gogo, fuatilia kwa kitafuta chuma au ukate kipande hicho kwa msumeno wa mkono. Magogo yaliyotoka kwenye ua au mpaka wa shamba nayakagua mara mbili, chini hadi usawa wa kifua, pale watu wanapopenda kupigilia waya. Na gogo lililoburutwa ardhini lichokonolewe mawe na kuoshwa matope kwanza, kwani mchanga wa kwenye gome humaliza makali ya asubuhi nzima kwa mpasuo mmoja.